Progresisti ni nani? Maziwa ya Wisconsin, kahawa ya Kalehe na kura ya seneta

Wiki ya kufungua masomo, kijana mumoja wa mwaka wa kwanza alinikuta mbele ya labo, akaniuliza: "Yaya, progresisti ni chama ya nani? Nasikia bapolitisien wote banasema bao njo baprogresisti." Nikacheka, kisha nikaona sina jibu la haraka. Mimi ni mutu wa agronomi. Nilisomea udongo, mimea na maziwa, sikusomea sayansi ya politike. Lakini swali lake lilinifuata mpaka nyumbani. Ninaandika hii kwa ajili yake, na kwa bandugu wengine waliosikia neno hilo mara elfu bila mutu kuwafungulia liko na nini ndani.

Tuanze kwetu. Mu inchi hii neno "progrès" limevaliwa na kila mutu, kama kitenge cha siku kuu. Mwisho wa mwaka 1959, ku Coquilhatville, muji tunaoita leo Mbandaka, kulizaliwa chama kilichoitwa Parti National du Progrès, PNP, chini ya Paul Bolya. Kilikuwa chama cha watu wapole na cha machifu wengi, ambacho utawala wa Wabelgiji ulikipenda. Raia hawakukawia kukipa majina yao: kwa Kifaransa wakasema "Parti des Nègres Payés", weusi waliolipwa, kwa Lingala wakasema "pene pene na mundele", karibu na muzungu. Mu uchaguzi wa Mei 1960, chama cha Lumumba kilipata viti 33 juu ya 137, PNP ikapata 15. Angalia vizuri: chama kilichobeba neno Maendeleo ku jina lake njo kile ambacho hakikuwa na haraka ya kuona mambo yanabadilika.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 15 Februari 1982, wakati MPR ya Mobutu ilikuwa chama kimoja tu kwa sheria, na kila Muzairwa anazaliwa ndani yake apende asipende, kulizaliwa UDPS. Nayo iliweka "progrès social" mu jina. Waanzilishi wake walilipa kwa jela na kwa kufukuziwa vijijini. Neno lile lile, lakini wale watu hawafanani hata kidogo. Basi maana ya progresismu usiitafute ku kibao cha chama. Utapotea.

Kwa maneno yangu mimi, progresisti ni mutu anayesema kwamba taabu nyingi za watu hazitoki kwa Mungu wala kwa uvivu wao. Zinatoka ndani ya mipango iliyotungwa na watu wengine, na kile kilichotungwa na watu kinaweza kutungwa upya. Tena anasema kitatungwa upya kwa vyombo vitatu vikiwa pamoja: ujuzi ambao kila mutu anaweza kuuhakikisha, sheria inayofunga hata wakubwa, na raia wenye nguvu ya kuwauliza wale wanaotawala. Ukiondoa kimoja, unabaki na kitu kingine chenye jina hilo hilo.

Yule anayelinda mambo ya zamani, konserivateri, anasema mipango ya bazee iko na hekima ndani, tusiiguse mbio. Na mara nyingine anasema kweli. Mimi mwenyewe nilishaona mbegu ya labo ikishindwa na mbegu ya bibi ku shamba moja, mvua moja. Mwana-mapinduzi naye anasema nyumba yote imeoza, tuichome. Progresisti anatoa ubao mumoja uliooza, anaweka mupya, wakati watu wangali wanalala mu nyumba. Ni kazi ya polepole, inachosha, na hakuna mutu anaipigia makofi.

Tena progresismu siyo maendeleo, hata kama maneno hayo ni ya ukoo mumoja. Barabara ni maendeleo. Lakini kuuliza barabara ilitoka bei gani, nani alisaini, na raia atapata wapi haki ya kuona ile karatasi, hiyo njo progresismu.

Kama vuguvugu la politike lenye jina hilo, ilipata nguvu sana Marekani, kati ya miaka ya 1890 na 1920. Inchi ile ilikuwa imetajirika mbio sana: njia za reli, mafuta, vyuma. Kampuni chache zilikamata soko nzima, na viongozi wa politike walikuwa mu mifuko yao. Sitazunguka Marekani yote. Nitaenda ku jimbo moja tu, Wisconsin, juu pale hadithi inaanzia ku maziwa, na mu maziwa mimi sipotei.

Mbele ya 1890, viwanda vya siagi na jibini vya kule vilikuwa vinalipa mukulima kwa uzito wa maziwa yake. Sasa fikiri. Jirani mumoja analeta maziwa mazito, yenye mafuta mengi. Mwingine ametoa krimu usiku, au ameongeza maji ya kisima. Wote wanalipwa bei moja. Maana yake mutu wa haki alikuwa anamulipia mwizi, kila asubuhi. Na kiwanda nacho kingeweza kumwambia mutu yeyote "maziwa yako ni mabaya", na yule hana namna ya kujibu.

Stephen Babcock, mukemia wa chuo kikuu cha Wisconsin ku Madison, alitoa njia yake mwaka ule wa 1890. Unaweka maziwa kidogo mu chupa yenye shingo ndefu iliyochorwa vipimo. Unatia asidi ya sulfiriki. Inakula kila kitu isipokuwa mafuta. Unazungusha chupa kwa nguvu mu mashini, unaongeza maji ya moto, mafuta yanapanda mu shingo, unasoma namba. Basi. (Sisi ku labo tulifanya ya Gerber, ndugu yake wa Uswisi. Wale walioungua vidole na ile asidi wananielewa.) Babcock hakuchukua haki ya uvumbuzi, aliiacha mikononi mwa watu. Na haikuomba mutu awe na diploma: mutoto wa mukulima angeweza kuijifunza.

Ile chupa ilifanya kitu ambacho hakuna hotuba ingefanya. Ilitoa ukweli mu kinywa cha mwenye nguvu, ikauweka mu kioo ambacho watu wawili wanakiangalia pamoja. Hapo njo ninaona mbegu ya mambo yote yaliyofuata. Lakini mbegu tu.

Ninasema "mbegu tu" juu nilijifunza hiyo kwa aibu, wakati wa staji yangu ya mwisho mbele ya lisansi. Nilikuwa ku vilima vya Kalehe, juu ya ziwa Kivu, mahali watu wanalima kahawa. Bamama walikuwa wanashuka na kahawa mbivu, ile nyekundu, mpaka ku njia, na pale mununuzi ananing'iniza mizani yake ku muti. Siku ya tatu nilianza kuona mifuko ni mikubwa kuliko kilo zinazotangazwa. Nikachukua bidoni ya njano ya litre 20, ile tunayochotea maji, nikaijaza ku chemchemi. Litre 20 za maji ni kilo 20. Bidoni yenyewe karibu kilo moja. Ilipashwa kusoma 21. Nikaomba tuitundike. Mizani ikasema 18.

Nilijiona munene siku ile. Nilifikiri nimemaliza kazi. Mama mumoja aliyekuwa nyuma yangu mu mustari aliniambia polepole: "Mutoto yangu, tunajua. Kila mutu anajua. Sasa utafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Mununuzi alifunga mizani yake bila kelele, akapanda pikipiki, na hakurudi kwa wiki mbili. Kahawa mbivu haikungojei. Ikilala usiku mumoja mu mufuko inaanza kuchacha. Watu walimenya nyumbani kwa mawe, wakakausha ku mikeka, wakauza kwa bei ya huruma. Ilikuwa mwezi wa kulipa minervali ya batoto. Muzee wa kijiji aliniita, akaniuliza kama chuo kinatufundisha kuleta fujo. Hakuna mutu alinitukana, na hiyo njo iliniuma zaidi. Nilikuwa na kipimo, kipimo kilikuwa cha kweli, na kipimo changu kiliwanyima watu pesa. Kwa kila kilo saba mununuzi alikuwa anaiba moja. Mimi, kwa wiki mbili, niliwapotezea zaidi.

Sasa turudi Wisconsin, juu kule walipita pale pale. Maziwa yamepimwa, siagi iko nzuri, lakini inapashwa kupanda treni. Bei ya treni inapangwa na kampuni ya reli peke yake. Ukitaka sheria ya kuizuia, unaenda kwa mutunga-sheria. Na mutunga-sheria anasafiri na tikiti ya bure aliyopewa na kampuni ile ile. Sasa utafanya nini? Swali la mama wa Kalehe.

Robert La Follette alizaliwa mwaka 1855 ku shamba la kule kule, akamaliza chuo cha Madison mwaka 1879. Alitaka kuwa guverneri. Mwaka 1896 na mwaka 1898 aliangushwa, tena si na raia: aliangushwa ndani ya chama chake mwenyewe, mu mukutano wa wajumbe, mahali mugombea anachaguliwa na watu wachache mu salle moja. Alishika kichwani kwamba wajumbe walinunuliwa usiku. Na hapo alifanya kitu ambacho kinamutenganisha na wapinzani wengi tunaowajua. Hakuanzisha chama kipya ili awe mwenyekiti wacho. Aliuliza: ni kanuni gani inafanya kununua kuwe rahisi? Akaona ni ule mukutano. Ukihitaji kununua watu mia, unaweza. Ukihitaji kununua jimbo zima, feza itakupungukia. Basi raia wenyewe wamuchague mugombea, kwa kura ya siri.

Aliingia kuwa guverneri mu Januari 1901. Watunga-sheria walimukatalia. Mwaka 1903 sheria ilipita, lakini kwa sharti raia waikubali kwanza. Wakaikubali mu Novemba 1904. Mwaka 1903 kampuni za reli zilianza kulipa kodi kwa kufuata bei ya mali zao. Mwaka 1905 ikaja tume ya kuchunguza bei za treni. Hesabu: kutoka kushindwa kwa kwanza mpaka tume ile, ni miaka tisa. Sisi kwetu, mutu akishindwa mara moja tu anatafuta uwaziri.

Njia yake moja ningetaka tuiibe. Alikuwa anaenda kwa wakulima, mu maonyesho ya mifugo na mu mikutano ya vijijini, anasimama na karatasi, anasoma mutunga-sheria wao alivyopiga kura. Jina, sheria, ndiyo au hapana. Jina, sheria, ndiyo au hapana. Matusi hayakuhitajika. Ni ile chupa ya Babcock tena, safari hii imewekwa ndani yake kura ya depite. Hebu jiulize wewe unayesoma: depite wa kwenu alipiga kura namna gani ku bajeti ya mwisho? Unajua gari yake ni ya rangi gani, lakini kura yake huijui.

Na chuo? Charles Van Hise, aliyemaliza mwaka mumoja na La Follette, akawa mukubwa wa chuo mwaka 1903. Wazo lake lilikuwa kwamba mipaka ya chuo ni mipaka ya jimbo zima. Kile kinachopatikana mu labo kifike mpaka ku zizi la mwisho. Maprofesa walisaidia kuandika sheria na kukaa mu tume. Tangu 1901, ndani ya nyumba ya bunge, Charles McCarthy alifungua maktaba ndogo ambapo mutunga-sheria yeyote anaweza kuuliza: jambo hili inchi zingine walilifanya namna gani, tusaidie kuandika. Inaonekana kitu kidogo. Lakini mbele yake, ni nani aliyekuwa na wanasheria wa kuandika vizuri? Kampuni. Mutunga-sheria masikini alikuwa anasaini kile alicholetewa. Kufika 1911, La Follette akiwa amekwenda Seneti ya Washington, jimbo lile lilikuwa na sheria ya kumulipa mufanyakazi aliyeumia ku kazi, na kodi ya mapato. Mimi TFC yangu iko mu sanduku ya dekani, ninaamini panya wameshaisoma.

Hapa ninafika ku jambo linalotugusa sisi moja kwa moja: seneta.

Mpaka 1913, raia wa Marekani hawakuwachagua maseneta. Walichaguliwa na bunge la kila jimbo. Mu karatasi hiyo ni kitu kizuri: watu wenye busara wanachagua wenye busara zaidi. Mu maisha ilikuwa soko. Ku Montana, William Clark, tajiri wa shaba (ndugu wa Likasi na Kolwezi, sikilizeni), alichaguliwa mwaka 1899 baada ya feza kupita mikononi mwa watunga-sheria. Komite ya Seneti ilichunguza ikamuona na kosa, akajiuzulu mu 1900. Mwaka uliofuata bunge lile lile la Montana likamurudisha. Ku Illinois, William Lorimer naye alitolewa mu Seneti mu 1912, juu uchaguzi wake ulionekana umejaa rushwa.

Maprogresisti walifanya nini? Si kwamba walitafuta watunga-sheria watakatifu. Walibadilisha mulango. Lakini ili ubadilishe Katiba, unaomba kura ya Seneti yenyewe, yaani unaomba mwizi akupe ufunguo. Basi walizunguka. Majimbo kama Oregon yalianza kupigisha raia kura ya kuonyesha seneta wanayemutaka, kisha wakawalazimisha watunga-sheria waahidi mbele ya watu kwamba watamufuata huyo. Jimbo moja, kisha lingine. Majimbo mengi yakaanza pia kuomba mukutano mukubwa wa kuandika Katiba upya, na Seneti ikaogopa mukutano ule kuliko ilivyoogopa raia. Mwaka 1911 ikakubali, na tarehe 8 Aprili 1913 badiliko la 17 la Katiba likakamilika: seneta anachaguliwa na raia.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema seneta anachaguliwa na bunge la provensi. Guverneri vile vile. Mu Machi 2019 makelele ya kununua kura za badepite wa provensi yalikuwa mengi sana, mpaka tarehe 18 ya mwezi ule Raisi na wakubwa wengine wa inchi wakasimamisha kuingia kazini kwa maseneta wapya. Baadaye waliingia tu. Kila mara tunapolia "badepite bameuzwa", tunalia juu ya roho za watu. Progresisti angeuliza swali lingine, la baridi: provensi iko na badepite wangapi, na bei ya kununua nusu yao ni ngapi? Ni hesabu ya mukutano wa La Follette. Ukibadilisha badepite wote kesho asubuhi na ukaacha mulango ule ule, jioni bei itapangwa upya.

Sisemi kwamba kura ya raia inaponya kila kitu. Nako kunauzwa, kwa sabuni na kwa tisheti. Tena kanuni zinaweza kurudishwa nyuma: Januari 2011, Katiba ilipanguliwa, na uchaguzi wa Raisi uliokuwa wa duru mbili ukawa wa duru moja. Badiliko siyo kila mara kwenda mbele. Lakini kumbukeni pia Januari 2015. Mu sheria ya uchaguzi waliingiza kipengele cha kufunga uchaguzi ku hesabu ya watu wote, hesabu ambayo ingechukua miaka. Wanafunzi na vijana walitoka mu njia kuanzia tarehe 19, Kinshasa, Goma, Bukavu. Watu walikufa. Na ile wiki haikuisha Seneti ilikuwa imekitoa kile kipengele. Hawakupindua serikali. Kipengele kimoja kilitoka. Kuna watu wanadharau ushindi wa namna hiyo. Mimi siudharau, juu kiliombwa kwa damu na kilitoka kwa sababu watu walikuwa wamesoma sheria, neno kwa neno, mbele haijapita.

Sasa, mimi si mutu wa kuwauzia progresismu kama dawa ya soko. Iko na ugonjwa wake, na ugonjwa huo unatuhusu sisi wenye diploma kuliko watu wengine.

Maprogresisti wale wale wa Marekani walipenda sana mutaalamu. Kutoka "tupime maziwa" wengine walifika "tupime watu". Wisconsin, jimbo lile lile la Babcock na La Follette, mwaka 1913 lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu waliosemwa kuwa na akili pungufu. Mwaka ule ule, serikali ya Raisi Wilson, mutu aliyejiita mwenye maendeleo, ilianza kuwatenganisha wafanyakazi weusi na weupe mu ofisi za serikali ku Washington. Kule kusini, mutu mweusi alikuwa ameshanyimwa kura, na wengi wa maprogresisti weupe hawakuona kasoro. Kipimo walikuwa nacho. Sheria walikuwa nayo. Wale waliopimwa hawakuwa na sauti.

Na sisi? Babu yangu alipojua ninasomea agronomi alinyamaza kwanza. Kwake yeye "agronome" lilikuwa jina la kuogopesha. Pamba ya lazima ilianza mu Kongo ya Wabelgiji tangu 1917. Mu miaka ya 1930 kilimo cha lazima kilikuwa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, kuanzia 1942, kikawa siku 120. Asiyelima alikuwa na jela na fimbo. Wakati huo huo, tangu 1933, INEAC ilikuwa inajengwa na Yangambi ikawa moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo mu Afrika. Sayansi yake ilikuwa ya kweli, tungali tunaisoma. Mitende yao ilikuwa mizuri. Lakini hakuna mukulima aliulizwa kama anataka pamba. Wakaita hiyo "progrès", na PNP ya 1959 ilichukua neno likiwa bado na alama za fimbo. Sishangai raia waliicheka.

Kwa hiyo ninapoona kijana wa lisansi anasema "raia yetu haijui kitu, tuongoze sisi tuliosoma", ninamuona yule agronome wa babu yangu akivaa kravati.

Nilirudi Kalehe mwaka mumoja na nusu nyuma ya staji, kwa kazi nyingine. Nilikuwa na haya kupita ku ule muti. Mizani ilikuwa inaning'inia, na chini yake bidoni ya njano, imefungwa kamba, na alama ya mukaa ku shingo kuonyesha maji yafike wapi. Siyo mimi niliyeiacha. Yule mama aliniambia vile ilifanyika. Bamama wa vijiji vitatu wanaoweka akiba pamoja walipatana: hakuna mutu anatundika mufuko mbele ya bidoni, na hakuna kijiji kitauza ikiwa kingine kimekataliwa. Kitu cha pili njo kilikuwa kigumu, alisema. Ilichukua misa nyingi na ugomvi wa kutosha, na mama mumoja alifukuzwa mu chama juu aliuza kwa siri. Ile akiba iliwabeba siku kumi ambazo mununuzi alikaa bila kuja. Siku ya kumi na moja alikuja, juu naye alikuwa na muzungu wake wa kumulisha kahawa ku Bukavu. Kisha wakaenda kwa mukubwa wa poste, wakamuomba aandike ku karatasi, na muhuri, kwamba mununuzi yeyote mu soko ile atapima bidoni kwanza. Ile karatasi iko mu plastiki, imepigiliwa ku muti.

Nikaomba nione. Wakatundika bidoni. Mizani ikasema ishirini na nusu.

"Nusu kilo ingali inapotea," nikasema.

"Tunaiona," akajibu. "Tulimwambia msimu unaokuja tutaizungumuza. Wewe kamata mufuko huku, unisaidie kutundika."